ALINIPUNGIA MKONO. Huyu mratibu wenu wa safari leo simwachi

Mkwaju Mbichi:
Wakuu, salamu sina. Nimeingia chumbani sasa hivi, buti moja bado liko mguuni, la pili nimelirusha ukutani.

Ninayemsema mnamjua. Kila kundi la Wabongo huku Ulaya linaye: anakusanya michango, anagawa vyumba, kitanda cha dirishani cha kwake, na hesabu haieleweki mpaka Pasaka. Safari hii katuleta Ufaransa, Courchevel. Tumepanga kule chini Le Praz, jirani na ile minara ya kurukia skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, ya Olimpiki ya 1992. Mahali penyewe pazuri, sitasema uongo. Mabonde matatu, vijiji vimeshonwa kwa lifti za waya za kupandia mlima, njia za kuteleza kilomita 600. Asubuhi unaanzia huku, mchana unakula Val Thorens, mita 2,300 juu, jioni unarudi. UNARUDI kama hujakosa lifti ya kuvuka mlima. Ukiikosa, umelala bonde la watu.

Sasa yeye kule Val Thorens kaagiza viazi na jibini, kala kama kesho kiyama. Nikamwambia, kaka, muda. Ananijibu, "Tulia, milima hii naijua." Na simu yangu na pochi vimo kwenye begi LAKE, maana asubuhi alisema naanguka mno, nitapasua kioo.

Tumeshuka Mottaret, inakoanzia ile lifti ya kurudi, roho mkononi, nimeanguka mara elfu nne. Pale unavua skii, unazichomeka nje ya kabini, kile kijumba cha lifti kinachoning'inia kwenye waya, ndipo unaingia. Ya kushoto haivuki! Nakandamiza kibano cha kisigino kwa ncha ya fimbo, wapi, barafu imejaa mle. Nainua kichwa, yeye keshaingia. Kabini ya mwisho hiyo, mhudumu ameshavuta mnyororo. Mlango unajifunga. Na yeye nyuma ya kioo, simu yangu mgongoni kwake, AKANIPUNGIA MKONO.

Hakugonga kioo. Hakumwambia mhudumu bado kuna mwenzetu. Kapunga kama waziri anapanda ndege!

Basi la bure mpaka Méribel, nalia na makamasi yanaganda. Teksi kupitia La Tania, yuro 70, dereva ananisubiri nje nikatafute hela. Nafungua mlango, namkuta anakunywa chai ya tangawizi. Tangawizi niliyobeba MIMI. Eti, "Umechelewa wapi? Si nilikupungia?"

Wakuu. Alinipungia.

Siti ya Mbele:
Nimewahi. Pole sana dada. Picha iko wapi? Uzi bila picha hauna mashiko.

Mkwaju Mbichi:
Picha nipige na nini? Simu ilikuwa kwenye BEGI LAKE!

Fundi Saa:
Mleta uzi, swali moja tu. Kiganja kilitazama chini au kilikutazama wewe? Sisi tukimwita mtu tunapunga kiganja chini. Inawezekana jamaa alikuwa anakuita.

Mkwaju Mbichi:
Ananiitaje na mlango umefungwa? Nipenye kwenye tundu la ufunguo? Kiganja kilinitazama mimi, vidole vitano, nimevihesabu.

Dagaa Mchele:
Povu lote hili la nini? Mtu wa Temeke, theluji umeijulia kwenye friji, ukajipeleka mwenyewe kilomita 600. Ungeteleza na mapipa ya kwenu. Halafu ramani ya lifti inagawiwa bure, saa za kufunga zimeandikwa. Kosa lako.

Shemeji wa Taifa:
Dagaa muache dada wa watu. Huyo jamaa mimi namdai. Alituacha stesheni ya Moûtiers na mabegi tisa, kaingia kwenye gari la kukodi na mpenzi wake. Na yeye alipunga! Kumbe ndiyo tabia yake.

Mkwaju Mbichi:
MNAONA? Anapunga huyu! Si mara ya kwanza!

Pilipili Kichaa:
Afadhali yako umepoteza yuro 70. Sisi tulikwenda Portes du Soleil, vijiji 12, nusu Ufaransa nusu Uswisi. Unateleza kidogo tu umevuka mpaka, askari huoni, simu imeshanasa mtandao wa Uswisi. Na Uswisi haimo Umoja wa Ulaya, kifurushi changu hakiitambui. Binti yangu kaangalia katuni moja kwenye lifti. Bili ilipokuja nilidhani ni namba ya simu ya mtu.

Fundi Saa:
Data unazima kabla hujapanda lifti ya kwanza, mama. Hilo hata mtoto anajua.

Pilipili Kichaa:
Mtoto ndiye aliyeiwasha!

Shemeji wa Taifa:
Portes du Soleil usinikumbushe. Tulipanga Avoriaz, kijiji hakiruhusu magari. Tukapakiwa kwenye kigari cha farasi na unga wetu kilo kumi na maharage. Theluji ikapenya mfukoni, unga ukawa donge kabla hata sufuria haijapatikana.

Dagaa Mchele:
Maharage mlimani? Hayo hayaivi. Kadiri unavyopanda maji yanachemka mapema. Pale Val Thorens yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi. Utachochea mpaka likizo iishe.

Mkwaju Mbichi:
Wakuu tumetoka kwenye mada. Mtu kaniacha kwenye baridi, kapunga. Na mpaka sasa hajarudisha hata senti ya teksi.

Pilipili Kichaa:
Sisi yaliiva, ila yalichukua kutwa nzima.

Shemeji wa Taifa:
Mliyaloweka usiku kucha au mliyatia magadi?

Siti ya Mbele:
Magadi mliyapata wapi huko? Nielekezeni, mimi niko Grenoble.