Kila nikiweka mchoro nashambuliwa. Niwajibu, ninyamaze au nijitoe?

MchoraUsiku (mleta uzi)

Habari za wakati huu wadau. Nachora nyuso kwa penseli, kwa kujifurahisha tu, sina mpango wa kuuza. Nilijiunga na kundi kubwa la wachoraji mtandaoni nikitegemea kukutana na watu wa kunisogeza mbele. Juzi nikaweka mchoro wa marehemu bibi yangu, niliouchora kwa kuangalia picha ya simu. Katika yote niliyowahi kuchora, huo ndio naupenda zaidi. Nimeuambatanisha hapa muuone.

Wa kwanza akaandika: "Macho yamepanda mpaka kwenye nywele, huyu ubongo wake uko wapi?" Vicheko vikamiminika chini yake. Wa pili akasema kwa upole kabisa kwamba pua nimeikosea, ni kubwa mno. Wa tatu akadai sijachora, nimefuatisha mistari ya picha kwenye kioo. Wa nne akasema ni kazi ya akili mnemba. Sasa jamani, mchoro mbovu kiasi cha kuchekwa unakuwaje tena mzuri kiasi cha kudhaniwa umetoka kwenye mashine?

Waliosifia walikuwepo, tena wengi kuliko hao. Ila ukiniuliza walisema nini, sikumbuki hata mmoja. Majibu nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, mpaka sasa sijatuma. Na penseli sijaishika tangu siku hiyo. Nisaidieni mawazo.

Chepe

Jitoe. Hobi ni ya kukupumzisha, haitakiwi kukupandisha presha.

Babu Kifutio

Pole kwa msiba wa bibi, mkuu, hata kama ni wa siku nyingi.

Nimeukuza mchoro wako nikaupima kwa rula kwenye kioo cha simu. Kutoka utosini hadi kidevuni, mstari wa macho unatakiwa upite karibu na katikati. Wako umepita juu zaidi. Hili kosa karibu kila anayeanza nyuso hulifanya, kwa sababu jicho letu linahangaika na macho, pua na mdomo, halafu paji la uso na nywele tunavibana kwenye nafasi iliyobaki. Kwa hiyo yule wa "ubongo uko wapi" hana adabu, lakini kasema kweli. Ndicho kitu mwalimu angekuonesha siku ya kwanza, tofauti ni kwamba mwalimu asingekufanya uchekwe mbele ya watu.

Sasa njoo kwa huyu mpole wa pua. Picha ya bibi ilipigwa kwa karibu sana, inaonekana wazi. Simu ikisogezwa hivyo usoni, kilicho mbele kinavimba na masikio yanarudi nyuma. Wewe umechora ulichokiona, na umekichora sawasawa. Huyo mwenye lugha nzuri ndiye aliyekosea.

Unaona mambo yalivyo? Ungeyapanga majibu waliyokupa kwa kufuata adabu ya msemaji, ungemfuata mwenye makosa na kumtupa mwenye kweli. Mimi hufanya hivi: jibu kali nalinakili kwenye daftari nikiwa nimeliondolea matusi yote. "Macho yamepanda." Basi, hayo ndiyo maneno yaliyobaki, nayapima kwa rula. Kama baada ya kuondoa matusi hakibaki kitu, hapo hukuwa umeambiwa chochote kuhusu mchoro, na hakuna cha kujibu.

Mama Rangi

Babu kaeleza vizuri ila mimi nina la kuongeza, tena naona ndilo kubwa. Mdogo wangu, si kila mchoro ni wa kupeleka kwa wakosoaji. Wale watu hawakumjua bibi yako. Walichokiona ni penseli na karatasi, na ndicho walichokisema. Wewe ulipeleka mapenzi, ukapokelewa kwa vipimo. Hata aliyejibu kwa heshima angekuumiza.

Mchoro wa namna hiyo waoneshe waliomjua marehemu. Kwenye kundi peleka mazoezi: uso wa mtu usiyemjua, mkono, jicho moja. Wakikuchamba huko, hakuna kilichoguswa.

Pia angalia ulivyoandika juu ya mchoro. Kama uliandika "nipeni maoni" tu, umefungua mlango wote. Ukiuliza "kivuli cha chini ya kidevu kimekaa sawa?", wengi watajibu hicho hicho, na mwenye kejeli ataonekana yeye ndiye aliyetoka nje ya mada.

Kijana wa Mkaa

Wapuuze wote! Hata Monet, yule mchoraji maarufu wa Ufaransa, alichekwa. Mwaka 1874 mwandishi mmoja wa gazeti la Paris aliwakejeli yeye na wenzake, na lile jina la kejeli, "Impressionists", ndilo wanalojulikana nalo hadi leo.

Babu Kifutio

@Kijana wa Mkaa, Monet huyo akiwa kijana mdogo tayari alikuwa anauza vikaragosi alivyochora mwenyewe. Mkono ulikuwa umekomaa kabla hajaanza kuvunja taratibu. Tusimpe mwenzetu kisingizio, macho ayashushe.

Nusu Mwanasaikolojia

Nimeusoma uzi wote nikiwa nafuatilia lile la "sikumbuki sifa hata moja". Usijilaumu kwa hilo, binadamu tuko hivyo. Baya hushika akilini kuliko zuri, na hilo limechunguzwa sana. Dawa yake ni ya kizamani: rudi, soma zile sifa tena taratibu, hasa zile zilizotaja kitu mahususi. "Safi sana" haikusaidii. "Mikunjo ya shingo umeipatia" inakusaidia, maana inakuambia cha kutokibadilisha.

La pili ni sauti. Kuna utafiti ulitoka 2005, wa Justin Kruger na wenzake, kuhusu watu wanaotumiana ujumbe wenye utani na usio na utani. Waandishi walitegemea wasomaji wangetambua upi ni upi kwa karibu asilimia 78. Wasomaji walipatia asilimia 56 tu, yaani karibu sawa na kurusha shilingi. Kwa hiyo wapo kati ya hao waliodhani wanakutania na wewe, si kukutukana. Sisemi wote. Vicheko vya kundi mimi siwezi kuvitetea.

Na kuna mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, aliyeandika mwaka 2004 kuhusu jinsi mtu akiwa mtandaoni breki zinavyolegea: haonekani, hajulikani, na hamuoni anayemwambia akikunja uso. Watu hulinukuu hilo kueleza matusi, wakasahau kuwa Suler alitaja na upande wa pili. Breki hizo hizo zikilegea ndipo mtu asiyekujua anakaa na rula kupima mchoro wa bibi yako, kama Babu hapo juu.

Mtunza Kundi

Nasimamia kundi la hobi nyingine, nizungumzie yale ya kioo na akili mnemba, maana nyie wote mmeyaruka.

Tuhuma si maoni, kwa hiyo usizichanganye na suala la macho. Ukituhumiwa, jibu mara moja tu, kwa picha: mchoro ukiwa mistari mitupu, ukiwa nusu, ukiwa umekamilika, ikiwezekana na penseli yako pembeni. Usiweke maelezo marefu wala kuapa. Jizoeze kupiga picha hizo kila unapochora hata kama hutazitumia. Ukishajibu, funga. Anayeendelea baada ya hapo hatafuti ukweli, anatafuta mtu wa kubishana naye, na kila ukimjibu mada inapanda juu na wapya wanakuja kushangaa.

Matusi ya mtu binafsi: piga picha ya skrini kwanza, kisha ripoti kwa msimamizi, kisha mzuie. Ukimzuia kabla, mara nyingi ushahidi hutauona tena. Na usimtumie ujumbe wa faragha kwenda "kuyamaliza". Sijaona yakiisha.

Halafu hili la kioo, hata ingekuwa kweli, kwani ni dhambi? Albrecht Dürer, Mjerumani yule, mwaka 1525 alichapisha picha ya mchoraji akifuatisha mtu aliyeketi kupitia kioo, akifundisha wengine namna ya kufanya. Kibaya ni kusema uongo kuhusu njia uliyotumia.

Chepe

Mimi bado nasema ajitoe. Picha za ushahidi, rula, daftari, imekuwa ajira sasa.

Mama Rangi

@Chepe, hujakosea sana. Kuna makundi ambayo kejeli ndiyo salamu yao. Kabla ya kuweka chako, soma wanavyowajibu wageni wengine. Wakiwararua wote, ondoka, usiage. Lakini kundi ambalo mmoja anararua na watano wanafundisha, hilo nisingeliacha.

MchoraUsiku

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimepima, kweli macho yamepanda. Ule mchoro nimeuondoa kwenye kundi na nimemtumia mama pamoja na shangazi. Yale majibu niliyoandika nimeyafuta kabisa, ila wa kioo na wa akili mnemba nimewawekea picha mbili za hatua za katikati, sijaongeza neno.

Leo nimeanza upya kwenye karatasi nyingine. Babu, swali moja: sikio naliweka wapi? Kila nikiliangalia naona limeshuka.

Babu Kifutio

Kwa kawaida juu lianzie usawa wa nyusi, chini liishie usawa wa tundu za pua. Lakini huyo ni bibi, na masikio huendelea kurefuka na umri. Likishuka chini ya pua kidogo, liache. Na penseli ya HB peke yake haitakupa kivuli cha nyuma ya sikio, tafuta 4B, ni laini na nyeusi zaidi.