Gari la harusi limezima Mkata

Kikundi: Wajukuu wa Bibi Mwanahawa 🌴

Rukia, 07:12: Jamani amkeni. Athumani kanipigia, gari limezima, wamepita Mkata hawajafika Kabuku. Masufuria yote na mchele wa harusi viko humo na mama mdogo Saumu kakaa pembeni ya barabara juani. Idi uko wapi??

Rukia, 07:24: Naona watu 9 wamesoma. Tisa!

Shabani, 07:31: Watu wa Kabuku wamesikia harufu ya pilau wameamua isipite 😂

Rukia, 07:31: Shabani sitaki utani saa hizi

Idi, 07:33: Shikamoo dada nlikuwa chini ya gari la mtu. Athu limezimaje, lilikohoa kwanza au limekata ghafla?

Athumani, 07:36: Ghafla. Nlikuwa kwenye 80 hivi, hamna kishindo hamna moshi, likakata tu kama mtu kazima swichi. Saivi nikipiga starter inazunguka nyepesi mbio mbio kama cherehani isiyo na kitambaa. Mafuta yapo, fyuzi nimeangalia nzima

Shabani, 07:37: Petroli ya dumu hiyo

Idi, 07:40: Sio petroli. Petroli ikiisha gari linavutavuta kwanza, halafu starter bado ungeisikia inabanwa na kompresheni. Hiyo nyepesi ndo inanitia wasiwasi. Usiendelee kupiga. Fungua kofia ya distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, mama mdogo apige starter mara moja tu we angalia rota ya ndani yake inageuka au haigeuki. Mkono usiweke

Athumani, 07:52: Haigeuki kabisa

Idi, 07:53: Basi taiming belti. Rota inazungushwa na kamshafti, shafti ya juu inayofungua vali, na kamshafti inazungushwa na belti. Krenki, shafti ya pistoni, inazunguka yenyewe chini, huku juu kumelala

Zuhura, 07:55: Samahani mbona belti tulichanga mwaka jana?

Idi, 07:58: Ile ilikuwa ya alteneta, ya nje ile unayoiona ukifungua boneti. Taiming iko ndani ya kava. Gari limetoka bandarini 2011 na kilomita 118,000, leo linasoma 214,000 na hakuna aliyewahi kuigusa ile kava. Belti ni ya kilomita 100,000 na miaka nayo inaila hata gari likiwa limepaki

Zuhura, 08:01: Kwahiyo ni yaleyale ya Hiace

Rukia, 08:01: Zuhura usianze

Zuhura, 08:03: Sianzi dada nauliza. Taa ya T-BELT, ya kuonya taiming belti, iliwaka, mtu akachomoa balbu, injini ikafa, na mimi chuo nikaishia mwaka wa kwanza. Leo dereva ni yuleyule

Athumani, 08:06: Zuhura mimi nlikuwa na miaka 22 na hilo nalibeba mpaka leo, sijui unataka nibebe lipi tena nipo barabarani hapa na mama mdogo

Idi, 08:09: Tusichanganye mambo. Hiace ilikuwa dizeli, injini ya 3L, hiyo belti ikikatika pistoni zinagonga vali ndo maana ilikufa palepale. Corolla 110 hii ni injini ya 5A, pistoni hazifiki kwenye vali, ukivalisha belti vizuri linawaka. Athu tafuta spana namba 10 fungua kava ya juu unipigie picha

Athumani, 08:22: [picha]

Idi, 08:24: Ona hapo kati, meno yamepukuchika kama gunzi. Na inang'aa oili. Sili ya kamshafti, ule mpira wa kuzuia oili, inavuja, oili ndo imeilainisha belti. Nikivalisha mpya bila sili na beringi ya tensheni inayokaza belti tutarudi hapahapa

Shabani, 08:25: Gunzi la kuchoma au la kuchemsha 😂😂

Rukia, 08:30: Kila mtu elfu 20 kwenye namba yangu kabla ya saa 3. Idi anunue vifaa Muheza apande basi. Na masufuria yapate usafiri, mpishi anasubiri. Mimi nimeshaweka

Mwajuma, 08:44: Bibi kaomba nimsomee yote. Anasema niandike hivi hivi: Balbu hakuchomoa Athumani. Nilikaa mbele siku ile tunatoka Lushoto, nikamuuliza babu yenu taa hiyo ya nini, akasema acha machungwa yaishe msimu ndo tupeleke gereji. Jioni yake akaitoa kwa mkono wake. Nilinyamaza kwa kuwa alikuwa mume wangu na alikuwa mgonjwa. Athumani mwanangu ulinyamaza kwa ajili yake, na mimi nikakuacha unyamaze.

Rukia, 09:17: Shikamoo Bibi

Mama mdogo Saumu, 09:20: Mimi namwangalia hapa kainama kwenye boneti hasemi kitu

Zuhura, 09:31: Nimetuma 40 dada. Yangu na ya Athu

Shabani, 09:32: Nimetuma na mimi

Idi, 09:35: Nipo dukani. Kuna belti ya Kijapani na kuna ya bei nusu, msinitume ya bei nusu. Sili nichukue ya kamshafti peke yake au na ya krenki humohumo?

Rukia, 09:38: Hela iliyofika ni ya watu wanne tu. Mjomba Salum huko Muscat umesoma toka 07:13

Athumani, 09:52: Kuna fuso la machungwa linarudi tupu kuelekea Muheza, dereva kakubali masufuria, mchele anasema gunia mbili tu. Mama mdogo hataki kuuacha

Idi, 09:58: Dada sili?