Ripoti ya skuli imefungwa kwenye Word: njia ipi haiharibu jedwali?

MwalimuWete
Asalaam aleikum jamani. Nimeshapoteza jioni mbili kwa faili moja, naomba wenye uzoefu mnisaidie kuchagua.

Ni fomu ya ripoti ya mwanafunzi, hati ya Word, karatasi moja mbele na nyuma. Aliyeitengeneza alikuwa mwalimu wetu wa kompyuta. Kastaafu, na paswedi kaisahau. Nimempigia simu, akacheka: "Mwanangu, hata simu yangu wananifungulia wajukuu." Ukiifungua fomu unajaza visanduku vya alama na maoni tu. Kichwa cha skuli, jina la mwalimu mkuu, orodha ya masomo, hata ubofye mara kumi huwezi kuandika. Nikienda "Review", kisha "Restrict Editing", chini kabisa kuna "Stop Protection", nikiibonyeza inadai paswedi. Mwalimu mkuu kabadilika na somo moja limeongezeka. Ripoti zinatakiwa Alhamisi, na mkuu mpya ndiye aliyeniambia niifungue, msije mkadhani naiba.

Njia nilizozisikia ni nne: kuipandisha Google Docs, kuyahamishia yaliyomo kwenye hati mpya, kuifungua kwa LibreOffice, na ile ya kuingia ndani ya faili lenyewe kwa zipu, ambayo naiogopa. Kuichapa upya naweza, lakini lile jedwali lina seli zilizounganishwa huku na kule, utalia. Ipi haiharibu jedwali?

FundiMichenzani
Waaleikum salaam mwalimu. Wewe umeeleza vizuri, umetaja hadi kitufe. Ila wengi watakaosoma hapa watakuja na "Word yangu imefungwa" kumbe ni jambo jengine kabisa, kwa hiyo niliseme mapema. Dukani kwangu anakuja mtu kapanda daladala kutoka Bububu na laptopu mgongoni, naifungua nakuta mstari wa manjano juu ya ukurasa. Faili limetoka kwenye barua pepe, Word imelitilia shaka, unabonyeza "Enable Editing" na kazi imekwisha. Huyo namwambia pesa yake akale urojo.

Mwengine mstari wake mwekundu: Word yenyewe haijalipiwa, muda wa majaribio umekwisha, vitufe vimekuwa kijivu. Kuijua ni rahisi, fungua hati mpya tupu ujaribu kuandika. Ikikataa na hiyo, ugonjwa si wa faili. Kuna pia hati iliyotiwa alama kwamba ni ya mwisho, hiyo "Edit Anyway" inaimaliza.

Na kuna ile inayodai paswedi kabla hujaona hata herufi moja. Hiyo msiichanganye na hizi. Faili zima limesimbwa, yaani maandishi yamegeuzwa mafumbo yasiyosomeka bila paswedi, na tangu Office 2007 linasimbwa kwa AES, mtindo wa usimbaji ulio imara, kwa hiyo njia zote nne za mwalimu zitagonga mwamba. Yako wewe inafunguka na unaisoma, unazuiwa kuandika tu. Ina dawa.

SteshenariChake
Mie kila siku natumia ya kuhamisha. Fungua hati mpya, nenda "Insert", pale kwenye "Object" gusa kishale chake kidogo, chagua "Text from File", lionyeshe lile faili. Yaliyomo yanaingia, kufuli linabaki kwenye faili la zamani. Dakika moja, hakuna zipu wala nini, na jedwali linakuja na visanduku vyake.

Kasoro yake naijua kwa machungu. Kichwa cha juu ya karatasi na maandishi ya chini kabisa mara nyingi hayaji, na pambizo zinafuata hati mpya, si ile ya zamani. Nilimfanyia mteja fomu ya wanachama wa ushirika wao, nikatoa nakala hamsini, sina habari kwamba nembo haipo. Karatasi zile mpaka leo wanangu wanachorea. Ukiitumia njia hii, weka pambizo kwanza, kichwa ukikope ukibandike mwenyewe, na toa nakala moja uishike mkononi kabla ya nyengine.

KarafuuMbichi
Google Docs niliijaribu kwa fomu ya maombi ya kazi. Ilifunguka bila kuniuliza chochote, nikaandika, nikashusha tena kama docx, yaani faili la Word. Lakini visanduku vya kujazia viligeuka maandishi makavu, safu zikasogea, na karatasi moja ikawa moja na mistari mitatu. Kwa barua ya kawaida, safi. Kwa jedwali la mwalimu, hapana.

LibreOffice ni ya bure na mie naipenda. Nilikuwa na hati iliyozuiwa isomwe tu, nikaenda menyu ya "Edit", nikagusa "Edit Mode", ikakubali bila maneno. Tatizo ni safari ya kurudi. Ukihifadhi kwa docx kisha ukaifungua kwenye Word, upana wa safu na fonti havikai vilevile. Kama skuli nzima mnatumia LibreOffice, hapo ni sawa.

KijanaWaMkoani
Mbona mnajitesa? Iko mitandao kibao, unapandisha faili, sekunde kumi linarudi wazi. Nani ana muda wa menyu?

BiMdogo
Weye kijana, ripoti ile ina majina ya watoto wa watu, alama zao, na mwalimu kaandika "ana tabia ya kupigana". Unaipeleka kwenye kompyuta ya nani? Iko nchi gani? Atalifuta lini?

KijanaWaMkoani
Bi, kasema fomu. Fomu iko tupu.

BiMdogo
Ya kwake pengine tupu. Anayekuja kusoma kesho atakuwa na orodha ya mishahara. Na hilo linalorudi unalifungua wewe ofisini, hujui limerudi na nini ndani. Yote hayo kwa kazi inayofanywa na Notepad ambayo unayo tayari.

MaalimFaili
Bi Mdogo kanitoa barazani. Njia ya zipu inaogopwa bure. Kwa jedwali la mwalimu ndiyo bora, kwa sababu haigusi chochote isipokuwa kufuli. Hakuna kinachohamishwa wala kutafsiriwa na programu nyengine.

Hati ya docx kwa undani wake ni mfuko wa zipu wenye mafaili madogo. Maandishi yako yako kwenye faili moja, picha kwenye folda yake, na mipangilio, pamoja na hilo zuio, iko kwenye jengine liitwalo settings.xml. Word ikifungua hati inasoma hapo: "imezuiwa?" Ikikuta ndiyo, inakuzuia. Maandishi yenyewe hayajasimbwa.

Fanya hivi. Toa nakala ya faili na uifanyie kazi nakala. Kwenye dirisha la mafaili washa viambishi vya majina (zile herufi za mwisho baada ya nukta) vionekane, ubadilishe .docx kuwa .zip. Windows italalamika, kubali. Lifungue, ingia folda ya word, lichukue settings.xml ulivute mpaka kwenye deski. Lifungue kwa Notepad, litatokea fungu moja la maandishi yaliyobanana, usiogope. Bonyeza Ctrl na F, tafuta documentProtection. Utaona kitu kinachoanza hivi:

<w:documentProtection w:edit="forms" w:enforcement="1"

na baada yake mlolongo mrefu wa herufi. Mlolongo ule ndio paswedi iliyosagwa, huna haja ya kuijua. Badilisha ile 1 ya enforcement iwe 0. Usiguse kingine. Hifadhi, livute settings.xml ulirudishe palepale lilipotoka, kubali lichukue nafasi ya la zamani, kisha rudisha jina liwe .docx.

Kama faili lako ni .doc la zamani, hilo si zipu. Lihifadhi kwanza kwa "Save As" liwe docx, kufuli litahama nalo, halafu endelea. Wale ambao kila wakiandika maandishi yanatoka mekundu na hawawezi kuzima, dawa ni hiihii. Badala ya forms watakuta trackedChanges.

KarafuuMbichi
Maalim, kama ni rahisi hivi, zuio lenyewe la kazi gani?

MaalimFaili
La kumzuia mtu asiharibu kwa bahati mbaya. Mwalimu anajaza alama saa nne usiku, umeme unakatika na kurudi, mkono unateleza, anafuta safu nzima. Zuio linamkinga na hilo. Kiwango chenyewe cha mafaili haya, ECMA-376 cha mwaka 2006, kinasema waziwazi kwamba hiki si kinga ya usalama. Anayetaka siri aende "File", "Info", "Protect Document", aweke paswedi ya kufungulia. Akiisahau hiyo, asinipigie simu.

MpangajiNgambo
Samahani nadandia. Mwenye nyumba kaniletea mkataba kwa Word, umefungwa. Nataka kurekebisha kipengele cha kodi kabla sijasaini. Hiyo ya zipu itafaa?

FundiMichenzani
Kufunguka utafunguka. Lakini ukibadilisha kimyakimya ukamrudishia kana kwamba ni uleule, hiyo inaitwa kughushi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku visiwani. Andika hoja zako kwenye karatasi ya pembeni, "kipengele cha nne naomba kiwe hivi", mpelekee. Kama anakubali, aurekebishe mwenyewe.

MpangajiNgambo
Sawa. Ni mtu wa kusema naye, nitamfuata baada ya Ijumaa.

MwalimuWete
Narudi na majibu. Nimejaribu mbili, ya SteshenariChake na ya Maalim.

Ya kuhamisha ilichukua dakika moja kweli, na jedwali likaja zima. Nembo haikuja, pambizo zikawa pana, sehemu ya maoni ikaangukia ukurasa wa pili. Ningeweza kuirekebisha, labda nusu saa.

Ya zipu, mara ya kwanza niliharibu. Sikuvuta faili moja kama ulivyosema. Nilitoa kila kitu nje kwenye folda, nikabadilisha, kisha nikaifunga folda nzima kuwa zipu. Word ikaniambia faili limeharibika. Moyo ulipasuka, kisha nikakumbuka ni nakala.

MaalimFaili
Kosa la kila mtu hilo. Ukifunga folda nzima, Word inafungua mfuko inakuta mfuko mwengine ndani, haiyaoni mafaili yake. Lazima yawe juujuu, kama yalivyokuwa.

MwalimuWete
Mara ya pili nikavuta lile moja tu. Imefunguka, nembo ipo, jedwali halikusogea hata unywele. Somo jipya nimeliongeza. Lakini sehemu moja bado inakataa, na ndiyo niliyoihitaji: jina la mwalimu mkuu. Nikibofya linazungukwa na fremu ya kijivu, nikiandika hakuna kinachotokea. Kwengine kote naandika.

MaalimFaili
Mzee wako alikuwa makini. Hilo ni kufuli la pili, la kisanduku chenyewe, halihusiani na lile la hati. Nenda "File", "Options", "Customize Ribbon", upande wa kulia utie tiki kwenye "Developer". Menyu hiyo itatokea juu. Bofya ndani ya jina, kisha kwenye Developer gusa "Properties". Dirisha likifunguka, chini utaona visanduku viwili vya kufunga: kimoja kinazuia kisifutwe, chengine kinazuia yaliyomo yasihaririwe. Hicho cha pili ondoa tiki. Cha kwanza kiache, kinafaa.

SteshenariChake
Hata kwa njia yangu kufuli hilo lingekuja nalo, maana kisanduku kinahama na tabia zake. Leo nimejifunza.

MwalimuWete
Limeingia! Nimeandika jina, nikarudisha tiki, kisha nikaizuia hati upya kwa "Filling in forms" ili walimu wenzangu wasinivurugie safu.

BiMdogo
Na paswedi umeiandika wapi safari hii?

MwalimuWete
Sikuweka bi. Word ilipouliza niliacha pale tupu nikabonyeza sawa, ikakubali. Akitaka kuifungua mwengine baada yangu, atagusa "Stop Protection" na haitamuuliza kitu.