Mrejesho: Muuzaji wa ghala la vyuma, Mtwara

Wakuu, niliomba ushauri wa kuchagua kati ya wauzaji watatu wa ghala la vyuma linalokuja tayari kwa kufungwa bolti. Ni la kuhifadhia korosho, mita 18 kwa 36.

Nimemchukua wa bei ya kati. Kilichoamua ni swali nililoulizwa hapa: nani kakupa mizigo ya kila nguzo, yaani nguvu ambazo nguzo itaupa msingi? Wa bei ya chini alikuwa na bei ya kilo ya chuma tu. Paa la vyuma ni jepesi. Upepo ukiingia mlangoni unaliinua juu, na bila namba hizo mhandisi wa msingi hawezi kupanga ukubwa wa zege wala urefu wa anka bolti (zile zinazoshika nguzo kwenye zege). Huyu wa kati alileta karatasi yenye nguvu ya kushuka, ya kuvuta juu na ya kusukuma pembeni, ikiwa na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi).

Bati nalo tulilipima kwa maikromita. Ile milimita 0.5 ya wa bei ya chini ilihesabiwa pamoja na rangi. Chuma chenyewe 0.42. Hapa pwani chumvi haina huruma, kwa hiyo papi (vyuma vinavyobeba bati) nimeandikisha mkatabani ziwe zimepakwa zinki ya kuzuia kutu, gramu 275 kwa mita ya mraba, na bolti za daraja la nguvu 8.8 nazo ziwe na zinki.

Malipo ya mwisho nimeyashikilia hadi vifaa vyote vya ghala vihesabiwe saiti, kipande kwa kipande. Msingi tunamwaga wiki ijayo. Aliyeuliza lile swali, asante sana mkuu.