Naomba ushauri: wiki ya theluji Februari, twende Val Thorens au tubaki karibu?

Binti wa Pangani
Habari za jioni wana jamvi. Naombeni ushauri wenye busara, matusi sitajibu.

Naishi Ujerumani, jimbo la Bayern, mume wangu ni mwenyeji wa huku. Februari shule zinafungwa wiki moja na wakwe zangu kila mwaka huenda kuteleza kwenye theluji. Safari hii wametualika na sisi. Jumla tutakuwa sita: wakwe, sisi wawili, mtoto wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka mitatu. Mama mkwe anataka Val Thorens, Ufaransa. Mimi nilikuwa nawaza Garmisch-Partenkirchen, au Seefeld hapo Austria, maana ni karibu na kwetu. Sijawahi kuvaa skii maishani. Wenye uzoefu, wapi panafaa familia ambayo nusu yake haijui kitu? Usingizi sipati vizuri kwa ajili ya hili jambo.

Mpishi wa Tirol
Dada, hapo hakuna mjadala, Val Thorens. Kijiji chenyewe kiko mita 2,300, hakuna kituo cha skii kilicho juu zaidi Ulaya. Theluji ni ya uhakika. Kimeungana na Méribel na Courchevel, ukiwa na pasi moja ya lifti unapata njia za kama kilomita 600. Garmisch mji uko mita 700 na ushee tu. Nimepika hoteli za Kitzbühel, nako ni chini hivyo hivyo, na kuna Januari moja mteremko ulikuwa utepe mweupe katikati ya majani mabichi. Theluji yote ya mashine: usiku wanapuliza maji kwenye baridi, asubuhi wageni wanateleza juu ya barafu ngumu kama sakafu. Watu wamelipa hela ndefu, wanakuja kugomba na sisi jikoni kana kwamba sisi ndio tunaoshusha theluji.

Halafu Ufaransa wana njia za kijani kwa wanaoanza kabisa. Ujerumani na Austria mnaanzia bluu.

Kiwanja Kwanza
Wiki moja watu sita, kodi ya nyumba, pasi za lifti, kukodi viatu, mwalimu wa skii, mafuta ya gari. Na Februari ndiyo Wafaransa nao wamefunga shule, bei inapaa. Hiyo hela ukiituma nyumbani unapata kiwanja Kibaha na chenji inabaki. Watanzania wa ughaibuni tunapenda sana picha.

Binti wa Pangani
@Kiwanja Kwanza kaka, kiwanja ninacho, ahsante. Swali langu ni wapi.

Chepkosgei wa Eldy
Hamjambo majirani. Huyu dada asiogope kabisa, Waafrika tumeshateleza. Philip Boit wetu wa Kenya alikimbia kilomita 10 za skii kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, akamaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda dhahabu akamngoja mstarini amkumbatie. Halafu Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, akaenda Pyeongchang 2018 kwa skii ya mlimani. Mimi ningesema Seefeld. Ni mita 1,200 hivi, tambarare pana, na ndiko walikofanyia skii ya masafa kwenye Olimpiki za Innsbruck za 1964 na 1976. Kama kushuka mlima kunakutisha, unatembea na skii zako polepole msituni.

Nesi wa Zamu
Binti wa Pangani, mimi nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya kuchagua kijiji cha likizo. Kuna mjamzito hapo? Kuna mgonjwa? Mdogo ana pumu?

Binti wa Pangani
Hapana, sina mimba, tuko wazima. Ni baridi tu inanitia hofu. Mkubwa huwa analalamika miguu baridi ikizidi. Nguo nzito nimeshanunua.

Mpishi wa Tirol
Baridi dawa yake ni tabaka tatu. Ya ndani iwe sufu, si pamba. Pamba ikilowa jasho mtoto anaganda.

Nesi wa Zamu
Samahani Mpishi, nisubiri kidogo. Dada, miguu inauma namna gani? Vidole kufa ganzi, au mifupa? Anaumwa mpaka analia? Aliwahi kulazwa kwa maumivu hayo?

*(Siku iliyofuata)*

Binti wa Pangani
Ana selimundu. SS, yaani amerithi kinasaba cha S kwa wazazi wote wawili.

Sikuandika mwanzo kwa sababu kila nikitaja, watu wanaacha swali wanaanza kunipa pole. Mimi sitaki pole. Mtoto anatunzwa vizuri, ana daktari wake wa damu, anakunywa haidroksiyurea kila siku, mara ya mwisho kulazwa ni zamani. Anaogelea, anacheza mpira. Shuleni ameshawaambia wenzake anakwenda kuteleza Ufaransa. Na tulipotoka Dar alipanda ndege usiku kucha bila shida yoyote, na nimesoma kwamba hewa ya ndani ya ndege inaweza kuwa kama ya mita 2,400. Sasa kama aliweza 2,400, ashindwe 2,300?

Na niseme yote: sehemu yetu ya kodi ya nyumba nimeshailipa. Kwa hiyo nikiuliza Garmisch, nauliza tu kutaka kujua.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, umekuja kuuliza njia ilhali umeshapanda basi.

Nesi wa Zamu
Pole sikupi. Nakupa ninayoyajua kama muuguzi wa watoto. Uamuzi ni wa daktari wake, anayemjua kwa faili na kwa jina.

Hoja ya ndege nimeisikia kwa wazazi wengi na si ya kijinga. Ila kwenye ndege mtoto anakaa kitini, kuna joto, analetewa maji, na baada ya saa chache anashuka. Val Thorens atalala huko wiki nzima, usiku na mchana. Kwenye mita 2,300 oksijeni anayoipata kwa kila pumzi imepungua karibu robo ukilinganisha na Pangani. Juu ya hapo unaongeza baridi, ambayo inabana mishipa. Unaongeza jasho la kucheza ndani ya nguo nzito, na hewa kavu, na mtoto asiyetaka kunywa maji kwa sababu kuvua ovaroli chooni ni shughuli. Upungufu wa oksijeni, baridi, ukavu wa mwili, uchovu: kila kimoja peke yake kinaweza kuzifanya chembe za damu zijikunje na kuziba mishipa. Huko unavikuta vyote mahali pamoja. Na lifti hazimwachi hapo kijijini, zinampandisha hadi 3,000 na zaidi. Bandama nayo huwa hatarini mtu akipanda juu.

Jingine ni hospitali. Pale kijijini kuna madaktari wa kufunga mguu uliovunjika. Mtoto wa SS akipata homa ya 38.5 usiku, unashuka zaidi ya kilomita 30 za kona hadi Moûtiers, Februari, theluji ikianguka.

Mdau wa Karatu
Kwa tusiojua hizo mita: 2,300 ni kama kusimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wageni wangu wengine wakilala pale juu huamka na kichwa kizito, na hao ni watu wazima wenye afya. Seefeld ni kama Dodoma, labda juu kidogo. Garmisch iko chini kuliko Arusha mjini.

Chai Hainywewi
Subirini kwanza. Mnavyomwaga ushauri hapa mnanisikitisha.

Biolojia ya kidato cha nne: ili mtoto awe SS lazima apate S moja kwa baba na nyingine kwa mama. Mleta mada anasema mume wake ni Mjerumani mwenyeji. Mjerumani ametoa wapi hiyo S? Tena jana "tuko wazima", leo mtoto ana selimundu. Jana anachagua, leo ameshalipa. Kesho tutaambiwa yuko ICU tuchange. Hii ni chai, tena ya tangawizi.

Kiwanja Kwanza
Nilihisi mapema.

Mpishi wa Tirol
Duh. Na mimi nilishaanza kumtafutia bei za pasi.

Chepkosgei wa Eldy
Lakini hajaomba hata shilingi. Mtu atunge uongo apate nini, joto la soksi?

Nesi wa Zamu
Msiwe wepesi. Wako Waturuki, Wagiriki na Waitaliano ambao ni raia wa Ujerumani na wana vinasaba vya thalasemia ya beta, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, na mtoto akichanganya hiyo na S ya mama anaumwa vile vile. Ujerumani yenyewe tangu Oktoba 2021 inapima selimundu kwa kila mtoto mchanga, wasingehangaika kama ugonjwa haupo. Na zaidi ya hayo, familia za watu zina historia ambazo haziandikwi kwenye ujumbe wa kwanza.

Binti wa Pangani
Nilitaka kunyamaza, lakini nitajibu mara moja.

Mkubwa si wa mume wangu huyu. Baba yake yuko Tanga, sote wawili ni AS, yaani kila mmoja ana S moja tu bila kuumwa, na hatukuwahi kupima kabla. Nilikuja naye huku akiwa mdogo. Mume wangu anamlea kama wake, hakosi kliniki. Mdogo ndiye wetu sote wawili, na alipimwa.

Mama mkwe ni mtu mwema. Anajua mtoto "ana tatizo la damu", basi. Kila mwaka wanakwenda na watoto wa shemeji yangu, na hii ni mara ya kwanza amesema "leteni wajukuu wangu wote wawili". Wote wawili, mnanielewa? Ameshamnunulia helmeti ya buluu imeandikwa jina lake kwa ubavuni. Mimi ndiye nimwambie huyu wa kwako hawezi kuja? Ndiyo maana nililipa.

Mwalimu Mstaafu
Sasa umesema. Hilo ndilo swali, na halina mita.

Chai Hainywewi
Kama ni hivyo sawa. Lakini ungeandika hivi tangu mwanzo. Na bado nauliza: mume wako, anayejua kila kitu cha mtoto, alisema nini mama yake alipotaja Val Thorens?

Binti wa Pangani
Alisema tumuulize daktari. Mimi ndiye nilimwambia tusimsumbue daktari, kwanza tuone. Niliogopa jibu.

Mama Watatu, Leeds
Mdogo wangu, mama mkwe aliyeandika jina kwenye helmeti anamtaka mtoto, hataki Val Thorens. Wangu mimi, Mwingereza, nilimficha miaka kuwa mwanangu ana pumu kali, nikiona aibu isiyo na kichwa wala miguu. Siku alipojua aliniuliza tu, "Kwa hiyo nimekuwa nikimwekea paka chumbani muda wote huu?" Akalia. Alikuwa amekasirika, ila si kwa sababu ya ugonjwa.

Mpishi wa Tirol
Narudi, na sasa nabadilisha jibu langu kwa sababu swali limebadilika. Garmisch. Theluji ya chini si ya uhakika, hilo sirudi nyuma, lakini mtoto anayeanza anahitaji mteremko mfupi wa mashine na mwalimu, hahitaji kilomita 600. Chukueni masomo ya nusu siku, asubuhi jua likishatoka. Mchana sleji, supu, kulala. Msikubali kushawishiwa na kebo ya Zugspitze, ile inawapeleka mita 2,962, ni kileleni mwa Ujerumani nzima. Babu na bibi wakitaka kupanda, wapande wao, jioni mle pamoja. Na hospitali iko pale pale mjini.

Chepkosgei wa Eldy
Au Seefeld yangu? Innsbruck iko karibu na ina hospitali ya chuo kikuu.

Nesi wa Zamu
Zote mbili zinaweza kujadiliwa na daktari, Seefeld nayo si mbaya. Ila skii ya masafa ni kazi nzito, inatoa jasho kuliko ya kushuka, asianzie hapo. Muulize daktari mambo haya kwa uwazi: urefu gani ndio mwisho wake, dawa zipi za maumivu mbebe, na barua ya hali yake kwa Kijerumani. Bima pia. Kadi ya bima ya huko kwa kawaida hailipi helikopta ya uokoaji mlimani, nunueni ya ziada. Maji abebe kwenye chupa ndani ya koti, nje yanaganda.

Na asipate idhini ya kuteleza kabisa, bado anaweza kuvaa ile helmeti kwenye sleji.

Kiwanja Kwanza
Hela iliyolipwa je? Someni masharti ya kughairi leo, msisubiri. Kwa kawaida kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo wanavyokata zaidi. Au wakwe watafute marafiki wachukue hivyo vyumba.

Binti wa Pangani
Ahsante Kiwanja Kwanza, hilo sikuwa nimeliwaza. Nimeangalia, bado wanarudisha sehemu kubwa.

Nimemwonyesha mume uzi huu, nikamtafsiria. Kliniki wametupa miadi Jumanne asubuhi. Mama mkwe nitampigia mchana wa siku hiyo hiyo, nikishasikia daktari, ili nisimpe maneno ya kubahatisha.

Mwalimu Mstaafu
Usimpigie. Anakaa mbali?

Binti wa Pangani
Dakika ishirini kwa treni.

Mwalimu Mstaafu
Basi nenda. Na mumeo muende wote.