DJ wa sinema: anatufasiria au anatunyang'anya?

Mwana Ngamiani
Jumamosi usiku nilikuwa banda la video huku Makorora, sinema ya Kikorea, ya kutafsiriwa, DJ anaongea Kiswahili juu ya sauti ya picha. Kuna mahali mama yuko jikoni anageuza wali, mwanawe aliyepotea miaka mingi anasimama mlangoni. Mama hasemi neno. Mwiko umemgandia mkononi, mvuke unampanda usoni, punje za wali zinadondoka moja, moja. Banda zima kimya, hata yule kijana wa karanga kaacha kuchezesha sarafu zake. Mimi koo limeshanikaba. Hapo hapo DJ akapasua: "Mama kamwona mwanawe huyoo! Sasa atalia, tulia uone, atalia huyo!" Yakaishia hapo, machozi yangu yakarudi yalikotoka.

Swali langu: DJ wa namna hii anatusaidia au anatunyang'anya? Mimi nasema anatunyang'anya. Sipingi mtu kunitafsiria maneno. Napinga kutafsiriwa uso wa mtu, uso nauona mwenyewe.

Fundi Baiskeli
Kaka, wewe umekwenda shule, maandishi ya chini unayasoma yakipita. Marehemu baba yangu hakujua a wala be. Sauti ya DJ Lufufu aliijua kuliko ya diwani wake. Alikuwa akirudi kutoka bandani anatukalisha barazani anatuhadithia muvi yote, stelingi kafanya hivi, adui kafanya vile, na sisi wadogo tumekodoa macho. Bila DJ baba angeona watu wanapigana tu, asijue wanagombea nini. Mimi naomba usiwaseme vibaya watu hao.

Chumbageni Juu
Tungejifunza ngeli mapema tusingehitaji mtu wa kututafunia. Watu wa huku uvivu wa kujifunza umetuzidi. Mimi naangalia sinema kama ilivyotengenezwa na naelewa kila kitu.

Fundi Baiskeli
Uvivu? Mimi saa kumi na mbili asubuhi nimeshafungua, nimeshaziba pancha tatu wewe hujapiga mswaki. Halafu soma ulichojibu: mwenzio kasema sinema ya KIKOREA. Ngeli yako inakusaidiaje Korea?

Chumbageni Juu
Maandishi ya chini yapo kwa Kiingereza, ndugu. Ndicho nilichosema.

Fundi Baiskeli
Hukusema hivyo. Ulisema sisi wavivu. Neno limo humu, halijafutika.

Bi Mkubwa wa Barabara ya 12
Wanangu, salaam. Nyinyi mnagombania Kiingereza, ngojeni niwaambie. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinipeleka ukumbi wa Majestic kuona Mother India. Ile sinema ni ya 1957, lakini ilirudiwa na kurudiwa. Siku niliyoiona mimi mkanda ulishachoka, una mistari kama mvua. Kihindi sikijui, Kiingereza ndiyo kabisa. Pale mwisho Nargis anapomnyooshea bunduki Birju, mwanawe wa kumzaa, ukumbi mzima ulipiga ukelele mmoja. Nilimshika mama mkono na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Lakini nisiseme uongo, kulikuwa na kina shangazi wanaojua Kihindi viwili vitatu, walikuwa wakitunong'oneza. Walinong'ona. Na ikifika penye kilio wananyamaza, maana na wao wanalia. Huyo DJ wenu hana pa kunyamaza, na kosa lake ni hilo tu.

Mwana Ngamiani
Shikamoo bi mkubwa. Hilo la kunong'ona ndilo nililokuwa nalitafuta tangu Jumamosi.

Kinondoni Kwetu
Shikamoo bi mkubwa. Mimi niko Dar na niko upande wa DJ. Mnasahau kwamba DJ anaongeza ladha! Juzi tumeangalia ya Kichina, kibibi kimoja kinaruka juu ya paa usiku, nywele zimesimama. DJ akasema, "Huyu kasomea Tanga!" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mchina hakuandika maneno hayo, ni ya DJ mwenyewe. Utamu wa muvi ya kutafsiri ndio huo.

Binti Pangani
Utamu kwako wewe.

Niwaeleze sentensi kama hiyo inavyofika kwa mtu. Nimeolewa Dar. Tumekaa sebuleni ukweni, muvi inaendelea, DJ akatupa hayo hayo ya mchawi wa Tanga. Wifi zangu wawili wakageuka kunitazama mimi. Hawakusema kitu, walitabasamu tu. Wiki iliyofuata mume wangu akaharisha, mama mkwe akaniita pembeni akaniuliza kwenye mchuzi niliweka nini. Nilikuwa nimeweka nazi na ndimu. Tangu siku hiyo nikipika namwita mtu asimame jikoni anione. Mwaka wa tatu huu.

Kinondoni Kwetu
Dada pole, ila punguza hasira, ni utani wa kawaida. Na wengine wanaona ni sifa. Wenyewe mnajisifia, "Tanga, waja leo waondoka leo," maana yake mgeni akiingia kanaswa, haondoki.

Mdigo wa Duga
Umeukoroga usemi wetu, kaka. Waondoka leo, si hawaondoki. Kwetu tunamwambia mgeni asijione mwenyeji: umekuja leo, leo utaondoka, tuachie mji wetu kama ulivyoukuta. Limbwata halimo humo ndani.

Fundi Baiskeli
Mdigo hapo sikubaliani nawe. Sisi Ngamiani tulikua tukiusikia kwa maana ya pili, kwamba unaaga kila siku na safari haitimii. Raha imekushika.

Mdigo wa Duga
Kama haitimii wangesema haondoki. Kiswahili hakina deni na mtu.

Fundi Baiskeli
Kiswahili cha kwenu kila kitu ni moja na moja mbili! Semi hazisomwi kama risiti.

Mdigo wa Duga
Cha kwetu ndicho alichokulia Shaaban Robert, kazaliwa Vibambani hapo 1909. Wewe leta chako.

Fundi Baiskeli
Shaaban Robert ni wa Tanga yote, usimtie mfukoni mwako.

Mwana Ngamiani
Ndugu zangu, mada ni DJ na sinema.

Binti Pangani
Kaka Ngamiani, mimi nimo ndani ya mada. Tatizo halijaanza kwa DJ. Yeye kaokota kilichokwisha kutupwa. Hesabu mwenyewe sinema zetu za Bongo: mganga akitokea, kavishwa kaniki, kakalishwa kwenye kibanda cha makuti, na mchezaji wa bara anajitahidi kuvuta maneno kama mtu wa pwani. Mwanamke wa Tanga akitokea, ana udi na ana dawa. Mbona hatokei muuguzi wa Tanga? Mbona hatokei mama anayepara samaki alfajiri pale Pangani, ana watoto wanne na deni la vikoba?

Kinondoni Kwetu
Sasa nani aliwakataza kutengeneza zenu? Dar tunaweka pesa, tunapiga picha, nyinyi mnasubiri kulalamika.

Binti Pangani
Zipo, hujazitafuta. Ipo sinema inaitwa Aisha, imepigwa Pangani, 2015, kazi ya UZIKWASA, shirika la hapa hapa kwetu. Mwanamke anarudi kijijini kwao kwenye harusi, anafanyiwa unyama na wanaume, halafu anatafuta haki yake. Niliona ngalawa ninazozijua na nikasikia watu wakisema kama ninavyosema mimi. Nimeirudia mara mbili, mara ya pili na wifi yangu mmoja pembeni. Safari hii hakutabasamu.

Mdigo wa Duga
Na mimi wiki iliyopita nimemaliza Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Sitaki kusema nani anafanya nini, kaitazameni. Ila nilichopenda ni kwamba mle pwani ina vichochoro, ina siasa, ina watu wanaopendana na kuogopa polisi. Pwani ya watu. Na sikuhitaji mtu wa kunipigia kelele, kimya chake kimenitosha.

Magofu ya Kaole
Hodi kutoka Bagamoyo. Binti Pangani, sisi tuko na wewe. Huku wanakuja na kamera moja kwa moja Kaole, wanapuliza moshi, wanamtoa mzuka kaburini. Pale pana msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya watu waliozikwa kwa heshima zao. Siku moja nilikuta kijana wa taa kapanda juu ya kaburi kafunga waya kwenye mnara wake. Nilimwambia ashuke. Akaniuliza, "Kwani mzee ni ndugu yako?" Nikamwambia ndiyo.

Halafu chuo cha sanaa kiko hapa Bagamoyo tangu sabini na kitu, wangekuja kusoma kidogo kabla ya kuigiza watu wa pwani.

Chumbageni Juu
Chuo ni 1981. Kugeuzwa TaSUBa ndiyo 2007. Na nirudi kwa DJ, kwa kuwa hakuna aliyelitaja: ile ni kazi ya mtu mwingine. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kukubali au kukataa isitafsiriwe. Nani kamwandikia Mkorea barua?

Fundi Baiskeli
Mkorea hana habari na banda la Makorora. Na wewe bado hujaniomba radhi kwa neno uvivu.

Chumbageni Juu
Fundi, nimekosa. Nilisema kwa jumla jumla na mzee wako alishatajwa hapo juu. Mungu amrehemu. Ila ya sheria sijayarudisha.

Fundi Baiskeli
Amin. Nimepokea.

Mwana Ngamiani
Nishike hapo. Kutafsiri kwa adabu kunawezekana, tumeshaona. Mnaikumbuka ile tamthilia ya Kichina, Doudou na mama wakwe zake, TBC, 2011? Kila mtu ndani yake alikuwa na sauti yake ya Kiswahili. Mama mkwe akinyamaza, televisheni inanyamaza. Hata Xi Jinping alipokuja Dar 2013 aliitaja kwenye hotuba. Nyumba nzima tulikuwa tunakaa, bibi akiwemo, na bibi hakuuliza swali.

Bi Mkubwa wa Barabara ya 12
Doudou nilikuwa siikosi. Lakini mwanangu, umesema kitu umekipita haraka: nyumba nzima. Hayo mabanda yenu, mimi niingie? Binti yangu aingie? Ni wanaume, sigara na benchi la mbao. Sisi tulikuwa na onyesho la wanawake watupu, tunajaa na mabuibui yetu na visheti kwenye vikapu, tunalia kwa raha zetu. Kumbi zimekwisha, Majestic na Novelty zimebaki majina ya kuelekezana njia. Mnabishana nani aseme ndani ya banda, na nusu ya mji imeachwa nje ya mlango.

Binti Pangani
Bi mkubwa, umenena. Mimi bandani sijawahi kukanyaga.

Magofu ya Kaole
Huku mama mmoja anatundika shuka jeupe uani, projekta ya kukodi, kila mtu anakuja na mkeka wake. Wanaume tunakaa nyuma.

Mwana Ngamiani
Uani kwetu panatosha mikeka ishirini. Shuka ninalo, spika ninayo. Projekta ndiyo sina.

Fundi Baiskeli
Projekta niachie mimi, nina mteja anakodisha za harusini. Lakini DJ awepo, kwa ajili ya wazee.

Mwana Ngamiani
Bi mkubwa ndiye atakayekaa karibu ya wazee. Anong'one.

Fundi Baiskeli
Hapo sawa. Kaka, ile ya wali, yule mama alilia kweli? DJ alisema atalia.

Mwana Ngamiani
Hakulia. Alichukua sahani, akampakulia.

Binti Pangani
Nitakuja na mkeka wangu. Na Kinondoni Kwetu kama bado yumo humu, mimi bado namsubiri. Fundi kaombwa radhi kwa neno moja, mimi nimeambiwa nipunguze hasira.