Programu za kurekodi sauti kwenye Linux, arecord, rec ya sox au ffmpeg: ipi itaniokoa umeme ukikatika?

mjukuu_wa_mkonge:
Wakuu habari za jioni. Nina laptopu ya zamani, Debian (Linux) tupu haina desktopu, naandika amri tu, betri ilishakufa kwa hiyo bila waya ukutani hamna kitu. Nataka kumrekodi babu, alifanya kazi mashamba ya mkonge Korogwe na akishapata kahawa anaongea masaa mawili hapumziki. Maiki ni ya USB. Nimejaribu arecord, siku ya kwanza sauti imetoka kama mtu yuko ndani ya debe, siku ya pili umeme ukakatika katikati na faili likagoma kufunguka. Naona watu wanasifia rec na ffmpeg, mnaozijua nipeni tofauti.

fundi_spika:
Kaka hiyo ya debe usiilaumu maiki. arecord usipoiambia kitu inarekodi biti 8 kwa 8000 Hz, ubora wa simu ya mezani. Piga kwanza `arecord -l` uone maiki imekaa kadi namba ngapi (hapa nimeweka 1), halafu:

`arecord -D plughw:1,0 -f S16_LE -r 48000 -c 1 babu.wav`

Andika plughw, sio hw. Ukiweka hw na maiki haiwezi hiyo 48000 inakataa tu, plughw inakubadilishia yenyewe. Mono (chaneli moja, ndo hiyo `-c 1`) inatosha, babu ana mdomo mmoja. Saa moja hapo ni kama MB 346. Na kabla ya yote fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi, F4 uone upande wa kurekodi, wengi wanalia maiki mbovu kumbe imezimwa humo.

dada_wa_shell:
Mimi ni wa rec tangu zamani. Inakuja na sox (programu ya kuhariri sauti), na unaona mita inacheza kwenye skrini pamoja na hesabu ya Clip, yaani mara ngapi sauti imepasuka, kwa hiyo hukai masaa mawili halafu ukute umerekodi ukimya. (arecord nayo ina mita ukiweka `-V mono`, wengi hawajui.) Ila angalizo moja, usije ukatumia ile ifekti ya silence inayokata sehemu za kimya. Mimi nilimfanyia hivyo bibi yangu nikidhani naokoa nafasi, ikatoka anaongea kama mtangazaji wa mpira, zile pozi zake zote za kuvuta pumzi kabla ya kutaja jina la mtu zimeliwa na sikuwa na nakala nyingine.

Halafu lile faili lako la juzi USILIFUTE. Wav, aina ya faili uliyorekodi, inaandika urefu wake mwanzoni mwa faili, na ukibonyeza Ctrl+C programu ndo inarudi kuujaza vizuri. Umeme ukikata hakuna wa kurudi, lakini sauti yenyewe ipo humo ndani. Jaribu:

`sox --ignore-length mbovu.wav nzima.wav`

msee_wa_kodi:
Wasee mnazunguka, shida ya huyu boss ni stima sio ubora. Hapo ffmpeg inawashinda wote:

`ffmpeg -f alsa -i plughw:1,0 -ac 1 -c:a libopus -b:a 32k -f segment -segment_time 600 babu_%03d.ogg`

Kila dakika 10 inafunga faili na kufungua ingine. Stima ikipotea, zile zimefungwa ziko salama, na ile ya mwisho bado inafunguka juu ogg imeandikwa vipande vipande, unapoteza labda nusu dakika ya mwisho kwa sababu Linux hushikilia data kwa memori kabla iandike kwa diski. Hiyo opus inabana sauti, saa nzima ni kama MB 14 pekee. Kuacha unabonyeza q. Ukiirusha nyuma (ifanye kazi chinichini) na `&` weka `-nostdin`, la sivyo inasimama ikingoja kibodi na wewe unadhani inarekodi.

fundi_spika:
Sawa lakini usiseme arecord haiwezi kukata vipande. Ipo `--max-file-time 600` na `--use-strftime`, jina la faili unaweka `%H-%M-%S.wav` (saa, dakika, sekunde) basi. Na kwa kumbukumbu ya mzee mimi siwezi kubana sauti toka mwanzo, ukishabana hairudi. Wav kwanza, opus ya kuwatumia ndugu whatsapp baadaye.

kobe_wa_pwani:
Kwani wenye Ubuntu mpya? Pipewire, mfumo wa sauti, ndo imekaa humo tangu 22.10, mimi natumia `pw-record` naendelea na maisha.

msee_wa_kodi:
@kobe_wa_pwani ni poa ukiwa na desktopu. Yake ni tupu, ya nini kuongeza mzigo.

Mama_Zai:
Samahani jamani, si arekodi na simu tu? Ina betri. Termux (app ya kuandika amri kwenye Android) na Termux:API, `termux-microphone-record -l 0 -f babu.m4a`, kusimamisha ni `-q`.

dada_wa_shell:
Shoga betri umenena kweli. Ila hiyo m4a ikikatika vibaya ndo mbaya kuliko wav, ramani ya faili inaandikwa mwisho kabisa, simu ikizima ghafla humpati babu wala kahawa yake.

mjukuu_wa_mkonge:
Nimerudi wakuu. Kwanza dada, lile faili limefunguka, dakika 38 zote, shikamoo yako nadaiwa. Simu haifai @Mama_Zai, babu akiiona anakaa vizuri anataka picha. Jana nimetumia arecord ya vipande vya dakika 10, umeme ukaondoka saa mbili kasoro, nimekuta vipande vinne vizima na cha tano nimekipitisha kwenye sox kikakubali. ffmpeg nimeiachia kazi ya kubana za kutuma kwa shangazi. Sasa swali jingine, feni inasikika kote, nayo inaondolewaje?

fundi_spika:
Zima feni kaka.